Ardhi Haitunzi Siri ya Bomu



Tarehe 9 Septemba 2016 Korea Kaskazini ililipua bomu la nyuklia chini ya mlima, huko Punggye-ri. Kesho yake tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera. Watu wasiopungua 17 wakafariki, na shule ya Ihungo ikaharibika vibaya. Je, mtaalamu aliye mbali atajuaje lipi ni kazi ya maumbile na lipi ni kazi ya mwanadamu?

Bomu husukuma miamba pande zote kwa mpigo mmoja, hivyo wimbi la kwanza, lile la kusukuma, huwa na nguvu kupita kiasi likilinganishwa na mawimbi ya kuyumbisha yanayolifuata. Katika tetemeko, miamba huteleza ikisuguana, na mawimbi ya kuyumbisha ndiyo hutawala. Tena tetemeko la Kagera lilianzia kina cha kilomita 40 hivi, ambako hakuna awezaye kuchimba. Shaka ikibaki, upepo hutoa ushahidi: baada ya jaribio la Korea la mwaka 2006, gesi ya zenoni iliyovuja ardhini ilinaswa hadi Kanada. Njia ya mwongo ni fupi.

Kazi hiyo husimamiwa kutoka Vienna, chini ya Mkataba wa mwaka 1996 wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia. Kenya ina kituo cha mitetemo Kilimambogo, Uganda Mbarara. Dar es Salaam kuna kituo cha kupima mionzi hewani. Vatikano iliridhia Mkataba mwaka 2001, Tanzania mwaka 2004.

Huenda mtu wa Chang'ombe akauliza: mabomu ya Korea yanatuhusu nini sisi tunaohangaikia maji na mtama? Yanatuhusu. Pasipo vituo hivi, nchi ndogo ingelazimika kuamini neno la wenye mabomu. Kwa vituo hivi, nasi tunapokea takwimu zilezile wazipatazo wakubwa, na hizo hutufaa pia katika kuchunguza matetemeko ya Bonde la Ufa, ambayo sisi wa Dodoma tunayafahamu.

Hata hivyo, kumtambua mkosaji si kumzuia. Mkataba bado haujaanza kutumika kisheria: Marekani na China zimesaini bila kuridhia, na Urusi ilifuta uridhio wake mwaka 2023. Kwa hiyo wabunge wetu, wanaokutana papa hapa Dodoma, wasichoke kuwadai wakubwa hao waridhie. Sisi tumekwisha kutimiza wajibu wetu. Tunayo haki ya kudai.

Nawatakia juma lenye amani.