Kamati juu ya kamati, na gesi yetu

Kitambo sijaandika, testi zilinibana, na bumu nalo ndo hivyo tena. Juzi usiku tumekaa nje ya hosteli tunapunga upepo wa bahari, stori zikahamia siasa. Rumu meti wangu, mtoto wa Msimbati, akauliza: "Hivi mbona kila kitu kikiharibika wanaunda kamati juu ya kamati? Si kula posho tu?"

Washkaji karibu wote wakamuunga mkono. Mie nilibisha, na hapa ndo najieleza vizuri.

Chukua Richmond. Mwaka 2007 TAKUKURU walichunguza mkataba ule wakasema hawakuona rushwa. Ingeishia hapo, faili lingefungwa. Lakini Novemba 2007 Bunge likaunda kamati teule ya watu 5 chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, wengi CCM, mmoja CUF. Ripoti ikasomwa 6 Februari 2008, na kesho yake Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu. Jambo lile lile, wachunguzi wawili, majibu mawili tofauti!

Ila tusiwe mashabiki. Lowassa alilalamika kwamba kamati haikumwita kumhoji. Hapo mie namuelewa. Wanasiasa wakimchunguza mwanasiasa, lazima ujiulize nani anamtafuta nani.

Ndo maana naipenda zaidi escrow ya 2014. Mle CAG alikagua, TAKUKURU walichunguza, halafu PAC ikaleta mambo bungeni. Mwenyekiti Zitto Kabwe wa upinzani, makamu wake Deo Filikunjombe wa CCM. Vyama viwili, ripoti moja. Ilikuwa ngumu kusema ni majungu ya wapinzani wakati mtu wa chama tawala kasimama pale pale. Mawaziri wawili na Mwanasheria Mkuu wakaachia viti kati ya Desemba 2014 na Januari 2015, wengine kwa kujiuzulu, mwingine kwa kuondolewa.

Sasa turudi nyumbani. Novemba 2014 hiyo hiyo PAC iliwataka TPDC walete mikataba 26 ya gesi. Haikuletwa, na vigogo wawili wakakabidhiwa kwa polisi, wakahojiwa, kisha wakaachiwa. Kumbuka ni mwaka mmoja tu tangu Mtwara iwake moto mwaka 2013 kwa ajili ya bomba la kwenda Dar. Watu waliumia, wengine walikufa, na kamati ya Bunge nayo ilikuwa inasotea karatasi!

Baadaye, Novemba 2017, Spika Ndugai akaunda kamati maalumu ya gesi, na ripoti ikakabidhiwa Serikalini Juni 2018. Sawa. Lakini ule mjadala wa kukesha kama wa escrow hatukuuona. Na baada ya uchaguzi wa 2020, wapinzani walioshinda majimboni walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Kamati ya chama kimoja inaweza kuwa na watu wazuri tu, ila nani atamuuliza mwenzake swali gumu?

Kwa hiyo jibu langu kwa rumu meti ni hili: ubaya haupo kwenye wingi wa kamati. Mmoja akifumba macho, mwingine ataona. Ubaya ni pale wachunguzi wote wanapotoka nyumba moja, au ripoti inapofungiwa kabatini. Mie nataka mambo matatu tu: wajumbe wa vyama tofauti, mtuhumiwa asikilizwe, ripoti isomwe hadharani.

Rumu meti alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka. Akaniambia mzee wake anavua karibu kabisa na visima vya Mnazi Bay, na hajawahi kushika ripoti hata moja ya gesi mkononi. Hapo nilikosa jibu, wadau.

Ni mtazamo tu. Mnaobisha tukutane kantini, chai juu yenu!