Nani kasema stelingi hafi?

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, na leo narudi na mada ambayo wengine wenu itawashangaza: usukani wa magari ya porini. Najua, najua. Mmezoea nikilalamikia siasa na foleni za Mwenge. Vumilieni kidogo, mtaona wenyewe kwa nini.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tuna kanuni moja: stelingi hafi. Atapigwa, ataanguka kutoka ghorofani, atapigwa risasi ya bega, lakini picha ikiisha yeye ndiye anayeondoka na binti. Sasa usukani wa gari nao, kwa Kiswahili chetu cha gereji, tunauita stelingi. Nahisi hapo ndipo tulipochanganya mambo, tukadhani na huyu naye hafi.

Jumamosi moja tulitoka Dar wanne, tukielekea Saadani kwenda kulala porini. Gari ni la rafiki yangu, Land Cruiser VX ya miaka ya tisini, ile yenye ekseli nzima mbele na springi za mviringo. Mnaijua aina hii. Ameinyanyua inchi nne. Ameivalisha matairi makubwa yenye meno kama ya trekta. Ina mkonga wa kuvutia hewa, keria juu, na taa nyingi hadi bati la keria halionekani. Kila tulipopita, watoto walipunga mikono. Na sisi ndani, nisiwafiche, tulijisikia mastaa.

Tulipofika Kerege usukani ukaanza kutetemeka. Nikamuuliza mwenye gari, akacheka. "Ndivyo ilivyo, ukipita themanini inatulia yenyewe." Mimi mwandishi wa habari, mtu ninayelipwa kuuliza swali la pili, sikuuliza swali la pili.

Zinga, kabla hujafika Bagamoyo mjini, tulipunguza mwendo kwa ajili ya tuta. Gari likapanda, likashuka, tukasikia "ko!" chini. Rafiki yangu akazungusha usukani, ukazunguka mkononi mwake kama feni. Magurudumu hayakuwa na habari naye. Gari likaacha lami taratibu, likaenda kushoto, likapita juu ya benchi, likasimama kwenye mchanga.

Benchi lile lilikuwa la mama mmoja anayeuza mihogo ya kukaanga. Dakika chache kabla alikuwa amehamia upande wa pili wa mti kwa sababu jua lilimfuata. Hiyo ndiyo sababu pekee ya mimi kuandika makala hii kwa amani. Si ustadi wa dereva, si ubora wa gari. Jua.

Yule mama alitutazama, akazitazama taa zetu, akasema: "Wanangu, taa zote hizo, na hata moja haikuona kinachokatika?"

Fundi wa pale Zinga alikuja na bodaboda, akalala chini ya gari dakika mbili, akatoka na kipande cha chuma mkononi. Ile rodi inayotoka kwenye boksi la usukani kwenda kwenye gurudumu, kiungo cha mwisho wake kilikuwa kimechomoka. Kiungo chenyewe ni kijitufe cha chuma ndani ya kikombe. Kikombe kilikuwa kimelika, na mtu fulani huko nyuma alikishindilia kipande cha mpira wa tyubu ili kisicheze. Na kwenye nati, mahali pa pini ya kuzuia isifunguke, palikuwa na waya. Waya, jamani! "Kaka," fundi akamwambia rafiki yangu kwa upole, "gari lako limevaa suti, lakini viatu limefunga kwa kamba."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza mafundi na kusoma, na hoja yangu ni moja tu. Ukitaka kuliboresha gari la porini, anza na usukani. Taa, keria na hata matairi vifuate baadaye. Nitawaambia kwa nini, bila kuwachosha.

Kwanza, matairi makubwa. Viungo vya usukani vilipimwa na kiwanda kwa tairi la ukubwa fulani. Tairi pana na zito zaidi ni kama kurefusha mpini wa nyundo: kila jiwe na kila tuta linapiga vile viungo kwa nguvu kuliko zamani. Ukiongeza na rimu zinazotokeza nje, ambazo ndizo zinazopendwa kwenye picha, unaongeza mzigo mara nyingine. Kiungo ambacho kingeishi miaka kadhaa kinachoka mapema.

Pili, kuinua gari. Kuna pembe moja mafundi wanaiita kasta. Itazame baiskeli yako: uma wa gurudumu la mbele haujasimama wima, umelala kidogo. Mlalo ule ni mmoja wa mambo yanayoifanya baiskeli inyooke yenyewe hata ukiachia mikono. Gari nalo liko hivyo hivyo. Kwenye Land Cruiser kama ile yetu, ukiweka springi ndefu, mikono inayoshika ekseli inabadilisha mlalo wake, ekseli inajizungusha kidogo, na kasta inapungua. Matokeo yake gari linatangatanga barabarani na usukani haurudi katikati wenyewe. Dawa ipo: kuna bushi maalumu na vibao vya kurekebisha kasta. Lakini nani anavipiga picha?

Tatu, ile rodi ndefu ya usukani ilikusudiwa kukaa karibu na ulalo. Gari likipanda juu, rodi inainama. Ukiingia shimoni springi zikabonyea, rodi inavuta magurudumu upande mmoja bila wewe kugusa kitu. Ndiyo maana baadhi ya magari yaliyoinuliwa yanaruka pembeni kwenye makorongo na dereva anasingizia barabara.

Na ule mtetemo wa Kerege? Watu wengi wanakimbilia kununua shokapu ya usukani, ile iliyolala mbele karibu na rodi. Wanaweka kubwa, mtetemo unaisha, wanafurahi. Ndugu zangu, hiyo ni panadol. Shokapu ile kazi yake ni kupunguza vishindo. Kiungo kilicholika kinaendelea kulika, ila sasa kimya kimya. Rafiki yangu alikuwa na shokapu mpya kabisa, tena ya rangi ya njano.

Hapa niwakumbushe wazee wetu waliokuwa wakiendesha Land Rover 109 zisizo na pawa stelingi. Walikuwa wanapinda kona kwa mabega. Lakini kila ulegevu chini waliusikia mikononi, kama mvuvi anavyosikia samaki kwenye mshipi. Pawa stelingi imetupunguzia jasho, ikatupunguzia na taarifa. Unageuza kwa kidole kimoja, unadhani kila kitu ni kizima.

Na ukanda wetu huu wa pwani una maudhi yake. Wikiendi tunashuka ufukweni, tunacheza na maji ya chumvi na mchanga. Kila kiungo cha usukani kimefunikwa na kofia ndogo ya mpira. Ikichanika, mchanga unaingia kwenye grisi, na grisi yenye mchanga ni msasa. Masika yakija tunaingia kwenye udongo mweusi wa kuelekea Saadani, tunazungusha usukani kwa nguvu gari likiwa limekwama. Halafu tunarudi Dar, tunaosha bodi kwa shampuu mpaka inang'aa. Chini hakuna anayeinama.

Najua mtakayosema. Wapo watakaosema: "Gari lake, pesa zake, wewe inakuhusu nini?" Ingekuhusu kama ungekuwa umekaa kwenye benchi lile. Huwezi kufika porini bila kupita lami. Kutoka Dar mpaka Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 60, na njia nzima ni watu: wanafunzi, bodaboda, wauza samaki. Porini usukani ukikatika unagonga kichaka kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa. Barabarani unamgonga mtu ambaye hajawahi hata kukaa ndani ya hilo Land Cruiser lako.

Wapo pia watakaosema kosa ni la mafundi. Nakataa. Ni sisi tunaomwambia fundi, "Fanyafanya tu iende." Ni sisi tunaobishana naye juu ya bei ya kiungo kipya kisha jioni tunalipia taa bila kuomba punguzo. Rafiki yangu alipiga hesabu pale pale Zinga, akiwa amekaa kwenye mchanga: pesa ya tairi moja tu kati ya yale manne ingenunua viungo vyote vya usukani na chenji ya mihogo ikabaki. Hatukukosa pesa. Tulizipeleka kwenye vile vinavyoonekana.

Wanaofanya mchezo huu kweli kweli wanafikiri tofauti. Kule Kenya kuna mashindano ya Rhino Charge, yanayofanyika tangu 1989 kuchangia uhifadhi wa misitu na wanyama. Magari yanatakiwa kufikia vituo vilivyotawanyika porini ndani ya saa 10, na anayepita njia fupi zaidi ndiye bora, maana yake unapita kwenye mawe na makorongo ambayo mbuzi angefikiria mara mbili. Magari yale mengi yana makovu, rangi imebanduka. Lakini kabla ya kushindana yanakaguliwa, na timu zinajua kwamba usukani ukikatika siku imekwisha. Nao madereva wa utalii wa Arusha, na zile Land Cruiser zao zilizorefushwa, ukiamka mapema utawakuta wameinama chini ya gari kabla wageni hawajamaliza chai. Hawapigi picha. Wanashika viungo, wanatikisa.

Basi na wewe fanya hivi kabla ya safari, haigharimu shilingi. Simamisha gari mahali tambarare, likanyage ardhi kwa magurudumu yote, lisiwe juu ya jeki. Vuta breki ya mkono, washa injini. Mwenzako akae ndani, azungushe usukani kidogo kulia na kushoto, harakaharaka. Wewe chuchumaa pembeni na tochi, utazame kiungo kimoja kimoja. Rodi na kiungo chake vinatakiwa kwenda pamoja. Ukiona kimoja kinaanza na kingine kinachelewa, umempata mwizi wako. Tazama na kofia za mpira, tazama kila nati ina pini yake. Pini, si waya.

Kisha ukienda gereji, fuata utaratibu. Badilisha kwanza kilicholika. Rekebisha kasta na mlalo wa rodi. Pima mnyooko wa magurudumu. Hapo ndipo ufikirie rodi nene zaidi ya kuhimili visiki, na shokapu ya usukani iwe ya mwisho. Rodi nene yenye kiungo kibovu ni mlango wa chuma kwenye bawaba ya mbao. Usikubali rodi ya usukani ichomelewe, maana moto wa kuchomelea hubadilisha uimara wa chuma na hutajua mpaka siku ikikatika. Na ukienda Kariakoo Gerezani kununua spea, nenda na mtu anayejua, kwa sababu vya kughushi vinavaa maboksi mazuri kuliko vya kweli. Stika ya usalama kwenye kioo ni nzuri, lakini haikazi nati.

Rafiki yangu amebadilisha viungo vyote. Ameweka bushi za kasta, na gari amelishusha, sasa limeinuliwa inchi mbili tu. Limepoteza kidogo ule ubabe wake pichani. Mwezi uliopita tulirudi Zinga, safari hii kwa ajili ya deni: benchi jipya, la mninga, tulilotengenezesha Bunju na kulibeba kwenye keria. Yule mama alilipokea, akalikagua miguu yote minne kwa mkono, akalitikisa kushoto na kulia kabla ya kulikalia.

Nikamtazama rafiki yangu, naye akanitazama. Hatukusema kitu. Tukanunua mihogo.

Wikiendi njema wadau. Kabla hujawasha gari, inama.