Mlokole na Maua ya Kahawa

Hapa kwetu Karagwe na Kyerwa mtu akitaka kujua kama fulani ameokoka kweli, huuliza: Je, anakunywa pombe? Anavuta sigara? Ana wake wangapi? Ni maswali mema, wala siyapuuzi. Lakini katika miaka yangu yote ya ualimu na ya uzee wa kanisa sijasikia hata siku moja mkristo akiulizwa: Je, unanunua butura?

Kwa asiyejua, butura ni kununua kahawa ya mwenzako ingali ua mtini. Januari inafika, mtoto anatakiwa shuleni, au mama yuko hospitali, na mavuno hayaanzi hadi katikati ya mwaka. Mwenye shida huenda kwa mwenye fedha. Hupewa kidogo, huandikishwa kingi. Msimu ukifika, mwenye fedha huja na magunia matupu na kuondoka nayo yamejaa. Aliyepalilia hubaki na deni la dukani, na mwaka unaofuata huuza maua tena. Serikali imekataza jambo hili mara nyingi. Hata hivyo linaendelea, na baadhi ya wanaolifanya hukaa viti vya mbele kanisani.

Nayajua haya kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu kijana, mwenye mshahara mdogo lakini wa uhakika. Jirani yangu alinijia jioni akiwa na shida. Nilimpa fedha ya gunia moja la maganda; wakati wa mavuno nikachukua matatu. Jumapili moja baadaye, kwenye mnada wa mavuno kanisani, nilinunua mkungu wa ndizi kwa bei ya kushangaza. Watu walinipigia makofi. Jirani yangu naye alikuwapo, akapiga makofi pamoja nao.

Watetezi wa butura husema: "Alikubali mwenyewe." Naam, alikubali. Mtu anayezama hukubali bei yoyote ya kamba. Husema tena: "Ni biashara, si dhambi." Basi wasome Nehemia sura ya 5. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba na mizabibu yao ili wapate nafaka na kulipa kodi ya mfalme, na waliowakopesha walikuwa ndugu zao wenyewe. Nehemia hakuwaambia wakopeshaji wazidishe maombi. Aliwaambia warudishe mashamba. Naye Zakayo, katika Luka 19, toba yake ilikuwa na hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyedhulumiwa.

Wazee wetu walilielewa jambo hili. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda na kufika huku kwetu, haukuwa wa nyimbo na machozi peke yake. Waliotubu walirudisha walichoiba na kulipa walichodhulumu, tena hadharani. Sisi watoto wao tumerithi nyimbo, tumerithi hata salamu, lakini malipo tumeyaacha.

Mimi nilichelewa. Nilipopata moyo wa kwenda kwa jirani yangu, alikuwa amekwisha fariki. Nilimhesabia mjane wake thamani ya magunia mawili kwa bei ya msimu ule. Akaniambia, "Mwalimu, wewe hukutukosea. Ulitusaidia." Afadhali angenilaumu. Kumbe dhuluma yangu ilikuwa imevaa vazi la wema kiasi kwamba hata aliyedhulumiwa aliishukuru.

Kwa hiyo nawaambia wachungaji na wazee wenzangu: kabla hatujamchagua mtu kuwa mzee wa kanisa, tumuulize ni miti ya nani anayoishikilia. Mwenye fedha akitaka kusaidia, akopeshe laki moja arudishiwe laki moja. Na kila usharika uweke akiba wakati wa mavuno, ili Januari mjane apate mkopo wa ada bila kuuza maua. Asiyeweza kufanya hata hilo asisimame mbele yetu kushuhudia utakatifu. Kwanza aende kwa jirani yake, akiwa na fedha mkononi, jirani huyo angali hai.