Nusu Kijiko cha Chai

Toleo hili ni la watoto wanaozaliwa utumbo ukiwa nje. Gastroskisisi ni tundu kando ya kitovu, kwa kawaida upande wa kulia, utumbo umechomoza bila utando wa kuufunika. Ndugu yake, omfaloseli, hutokea kwenye kitovu chenyewe, viungo vikiwa ndani ya kifuko chembamba, na mara nyingi huandamana na kasoro nyingine, za moyo hasa. Upasuaji wenyewe umeelezwa na wenye fani kurasa za ndani. Ugomvi wangu ni wa kinachofuata, mtoto akisharudi wodini tumbo limefungwa.

Mwaka 2021 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa watoto 3,849 wenye kasoro za tumbo na njia ya chakula, kutoka hospitali 264 za nchi 74. Katika nchi za kipato cha chini, wenye gastroskisisi walikufa 90 kwa kila 100. Katika nchi tajiri hawakufika wawili.

Sababu ni nyingi, na chakula ni mojawapo. Utumbo uliokaa nje huvimba na kuzubaa. Hata ukirudishwa mahali pake unaweza kukaa wiki kadhaa bila kusukuma kitu. Ulaya mtoto husubiri huku akilishwa protini na mafuta kupitia mshipa. Kwetu lishe hiyo ni adimu na ghali, na mrija wake usipotunzwa huingiza vijidudu kwenye damu. Desturi ya kusubiri, hata hivyo, tuliipokea nzima nzima. Agizo la kutompa kitu kinywani linabandikwa kitandani, majimaji ya kijani yanapimwa kutoka mrija wa puani, na kichanga anabaki na dripu ya maji na sukari. Tunasema tunaupumzisha utumbo. Mimi naiita njaa.

Maziwa ya mama, dang'a hasa, hulisha ukuta wa utumbo wenyewe na kuuzindua. Mtoto wa kilo mbili akianzishiwa mililita 10 kwa kila kilo kwa siku, atapata 20; zigawe kila baada ya saa tatu, ni mbili na nusu. Nusu kijiko cha chai, kwa mrija. Haraka nayo ina hatari zake: tumbo likijaa, akitapika kijani, au choo kikiwa na damu, unasimamisha. Na takriban mmoja kati ya kumi utumbo wake umeziba mahali. Huyo hatasaidiwa na maziwa mpaka apasuliwe tena. Kwa hiyo sidai kila mtoto aanze siku ya kwanza. Nadai swali liulizwe kila asubuhi, na anayejibu "bado" aseme kwa nini.

Lakini hata daktari akiruhusu, hayo maziwa yako wapi? Mama kafanyiwa upasuaji wa uzazi hospitali ya wilaya na kabaki huko. Mtoto kaletwa Kigali kwa ambulensi, kabebwa na shangazi. Nairobi, hospitali ya Pumwani ina benki ya maziwa yanayotolewa na mama wengine tangu 2019. Shangazi wa huyu mtoto ana shuka na thamosi ya chai tu.

Sisi wa Nyakabanda, hapa Kigali, tuna bahati ya kuwa karibu na CHUK, hospitali ya chuo kikuu, hivyo kisingizio cha umbali hatuna. Mfuko mmoja wa plastiki, safi na angavu, wa kufunikia utumbo njiani, mkunga lazima awe nao. Akishaufunga, na kabla hajasaini barua ya rufaa, aongeze mstari mmoja: mama yuko wapi, ameanza kukamua saa ngapi, nani ataleta maziwa. Mama asipoweza kusafiri leo, kikombe safi chenye mfuniko, cha maziwa yake, kiingie kwenye ambulensi inayofuata.