Ukimwachilia panya, usimtupe kwenye baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti, si wewe pekee unayejikunyata kwa baridi ya Nairobi. Panya naye anatafuta joto, na keja yako ina kila kitu anachotaka: unga, makombo na pengo chini ya mlango.

Wengi hukimbilia gundi ya panya inayouzwa mitaani. Shida ni kwamba gundi haiui, inashika tu. Mnyama huhangaika kwa saa nyingi akijing'oa manyoya na ngozi, hadi afe kwa kiu na uchovu. Wales iliipiga marufuku mwaka 2023, England ikafuata 2024.

Basi kongole kwako uliyenunua mtego wa kumnasa akiwa hai. Lakini hapo kazi haijaisha. Kuna wanaombeba saa tano usiku, wanamrusha uwanjani ng'ambo ya barabara kwenye nyasi zilizolowa, kisha wanarudi kulala wakijiona wema. Kipanya wa nyumbani ana uzito wa gramu 20 hivi. Mwili mdogo namna hiyo hupoteza joto upesi, na mahali asipopajua hana shimo wala chakula. Wahenga walisema tenda wema nenda zako, lakini huu wema ukiuharakisha unageuka kifo cha polepole.

Fanya hivi. Weka karatasi laini na chakula kidogo ndani ya mtego, na uukague asubuhi na jioni. Akisahaulika humo atakufa. Vaa glavu, kwa sababu mkojo wa panya unaweza kuleta magonjwa. Mwachilie karibu na nyumba, jioni isiyo na mvua, penye kichaka kikavu au rundo la mbao. Usimpelekee jirani. Kama ni jike anayenyonyesha, tafuta watoto chini ya sinki au nyuma ya kabati, maana bila mama hawaishi.

Na kama ameumia vibaya? Kumwacha ateseke si huruma. Afadhali afe mara moja.

Najua kuna atakayeuliza: mazee, watu wanalala njaa, na sisi tunahurumia panya? Swali la haki. Panya anakula chakula chako na kuchafua kinachobaki, na hakuna anayekuambia umfuge. Una haki ya kumtoa. Ila kumtoa bila kumtesa hakumnyimi mtu yeyote chakula.

Tena ukweli ni huu: ukimtoa mmoja na pengo likabaki, kesho atarudi yeye au mwenzake. Tundu linalopitisha penseli linamtosha kipanya. Liziba kwa waya wa kusugulia sufuria na saruji, funika unga, toa taka kabla ya kulala. Mwambie mwenye ploti arekebishe mlango. Panya asiyeingia hahitaji mtego, na wewe hutahitaji kutoka nje na baridi hiyo.