Wote Wakiwa Magwiji

Kiingereza kina neno "egregious", ambalo kila mshairi wa Kiswahili angefaa kulijua, si ili alitumie, bali ili ajihadhari. Asili yake ni Kilatini, egregius, lililoundwa kwa ex, yaani "kutoka", na grex, yaani "kundi la mifugo". Egregius ni aliyejitokeza kundini, mtu aliyewapita wenziwe. Shina hilohilo limewapa Waingereza "congregate", kukusanyika, na "segregate", kutenga. Lilipoingia Kiingereza katika karne ya 16, neno hilo lilikuwa sifa ya mtu bora, wa kutajika. Leo hutumika kwa kosa la wazi, lililopindukia, lisilovumilika. Waitaliano wao wamelitunza: hadi sasa barua rasmi yaweza kuanza kwa "Egregio", na anayeandikiwa akajiona ameheshimiwa.

Limeangukaje? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kejeli. Watu walisifu kwa mdomo huku wakidhihaki moyoni, hata dhihaka ikabaki peke yake. Mwendo huo si mgeni kwetu. Mjuaji, kwa umbo lake, ni mtu mwenye kujua. Lakini ni nani afurahiye kuitwa mjuaji? Mjuvi naye ametokana na kujua, na hakuna mzazi amwombeaye mwanawe ujuvi.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu. Siku hizi hakuna mtunzi anayetambulishwa kwa jina lake tu. Aliyetunga mashairi matatu ni nguli. Aliyetunga matano ni gwiji. Akifika kumi, ni malenga. Nimesoma tarbia ya mmoja wa magwiji hao: mshororo mmoja una mizani 15, wa pili 17, na kina cha kati kimebadilika katikati ya ubeti bila sababu. Chini yake wasomaji wamesifu kwa zamu, na hakuna hata mmoja aliyehesabu. Sisemi juu ya mashairi huru, ambayo yana vipimo vyake. Nasema juu ya anayedai kufuata arudhi, akaivunja, akavikwa taji.

Tena tunachanganya mambo mawili. Maarufu ni neno la Kiarabu lenye maana ya "anayejulikana", na lina undugu na maarifa, arifu na taarifa. Mashuhuri nalo asili yake ni kuenea kwa habari za mtu. Yote mawili hayasemi lolote kuhusu ubora. Hata mwizi huwa maarufu. Mahiri na bora ndiyo yanayodai ushahidi, na ushahidi wa shairi ni shairi lenyewe. Vipimo tunavyo: Sheikh Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Anayezikataa na azikatae kwa hoja, asijifanye hazipo.

Najua nitakavyojibiwa: vijana wanahitaji kutiwa moyo. Nimefundisha sekondari na chuo cha ualimu hadi nilipostaafu, na nalikubali jambo hilo kwa moyo wote. Lakini kumtia mtu moyo ni kumwambia, "Beti mbili za mwanzo zimesimama, ya tatu irudie, kina kimekuponyoka." Mwanafunzi akiambiwa hivyo hupata kazi ya kufanya kesho. Akiambiwa yeye ni gwiji, amefungiwa mlango wa kujifunza, kwa kuwa gwiji hana mwalimu. Tunayemsifu kwa uongo ndiye tunayemdhulumu kwanza.

Wa pili kudhulumiwa ni lugha. Neno la sifa huishi kwa kuwa kuna wasioitwa hivyo. Huwezi kujitokeza kundini ikiwa kundi zima limetoka. Na wasomaji si wajinga: wameshaanza kutamka "malenga wetu" kwa tabasamu la pembeni, na tabasamu hilo ndilo lililoua neno la Waingereza. Siku itafika tutakapomwona malenga wa kweli, tutafute neno la kumpa, tukute kila lililomo kinywani linachekesha.

Basi ninawataka wahariri na wahakiki wafanye mambo mawili. Mtunzi atambulishwe kwa jina lake na kazi zake, bila cheo. Na kila asifuye ataje ubeti anaousifu, aseme una nini. Asiyeweza kuutaja, na anyamaze.