Ua la siku moja lililokataa kuzaa

MAARIFA YA SHAMBA



Miezi miwili iliyopita tulieleza namna ya kuchagua machipukizi ya migomba. Baada ya hapo mkulima mmoja wa Muleba alituandikia barua. Aliuliza hivi: "Mahindi yana mbegu. Maharage yana mbegu. Kwa nini ndizi zetu hazina mbegu? Na kama hazina mbegu, hao wataalamu wanapataje aina mpya ya mgomba?"

Swali ni zuri. Lakini jibu lake linaeleweka vizuri zaidi tukianza na mmea mwingine. Mmea huo ni ua. Tafadhali usifunge gazeti ukasema maua hayaliwi. Ua hili na mgomba wako vina shida moja.

Ua lenyewe asili yake ni China, Korea na Japani. Majani yake ni marefu na membamba kama ya mahindi machanga. Linatoa bua refu lenye matumba mengi. Tumba moja huchanua asubuhi, na likifika usiku limekwisha kunyauka. Kesho yake tumba jingine huchanua. Ndiyo maana wataalamu waliliita Hemerocallis, maneno ya Kigiriki yenye maana ya uzuri wa siku moja. Sisi tutaliita ua la siku moja. Wachina hawalipandi kwa pambo tu. Matumba yake huyakausha na kuyapika kwenye supu. Kwa hiyo huko kwao linaliwa.

Mamia ya miaka iliyopita aina moja ya ua hili ilifika Ulaya, na kutoka huko ikaenda Marekani. Rangi yake ni kama ya kutu. Watu walilipenda kwa sababu halifi ovyo. Ukilitupa kando ya barabara linaota. Jirani akitaka, unachimba shina, unaligawa, unampa kipande. Likaenea nchi nzima kwa njia hiyo. Lakini halikuzaa mbegu. Maua yalikuwa maelfu, na mbegu hakuna.

Huko Wisconsin, Marekani, mtoto mmoja aliyeitwa Arlow Stout aliona maua hayo nyumbani kwao. Alijiuliza kwa nini hayazai. Alipokuwa mtu mzima akasomea mimea, na mwaka 1911 akaanza kazi katika Bustani ya Mimea ya New York. Swali lake la utotoni akaenda nalo. Alitia chavua kwenye maua hayo kwa mkono, mara maelfu. Alipata mbegu chache mno. Wengi wetu tungeacha baada ya wiki moja.

KWA NINI HALIKUZAA

Ndani ya kila mmea mna nyuzi ndogo sana zinazobeba urithi. Huitwa kromosomu. Hazionekani kwa macho, ila kwa hadubini. Ua la siku moja la kawaida lina kromosomu 22. Ni 11 kutoka kwa baba na 11 kutoka kwa mama.

Fikiria ngoma inayochezwa wawili wawili. Wakati wa kuachana, mmoja anakwenda kulia na mwenzake anakwenda kushoto. Pande zote mbili zinapata watu sawa. Mmea nao hufanya hivyo unapotengeneza chavua na mayai yake. Lakini lile ua la rangi ya kutu lina kromosomu 33. Kila kundi lina watatu badala ya wawili. Ngoma inapokwisha, wa tatu hana pa kwenda. Mgawanyo unaharibika, na mbegu haifanyiki.

Sasa msomaji wetu wa Muleba asikilize. Ndizi zetu nyingi tunazokula, matoke yakiwemo, nazo zina kromosomu 33. Shida ni ile ile.

Stout alipata njia mbili. Kwanza, aliona kwamba ua lile hata kama halifai kuwa mama, chavua yake mara chache inaweza kuwa baba kwa maua ya jamii nyingine. Pili, katika miaka ya 1920 mtaalamu Albert Steward, aliyekuwa akifundisha Nanking, alimtumia mimea kutoka China. Baadhi ilikuwa ndugu wa lile ua la kutu, lakini yenyewe ilikuwa na kromosomu 22 na ilizaa vizuri. Mingine ilikuwa na maua ya rangi ya waridi, jambo ambalo Wamarekani hawakuwa wamelizoea. Mwaka 1934 Stout alitoa ua jekundu lililoiva, akaliita Theron. Ndani yake mna damu ya jamii tatu. Kabla ya hapo bustani zilikuwa na rangi ya njano, ya machungwa na ya kutu tu.

KAZI NDANI YA NYUMBA YA VIOO

Siku hizi Marekani wako watu wengi wanaotafuta aina mpya za ua hili. Wengine ni wafanya biashara, wengine ni wastaafu wenye bustani nyuma ya nyumba. Aina zilizoandikishwa ni zaidi ya 90,000. Wengi wao wanafanya kazi katika nyumba ya vioo au ya nailoni, ile tunayoiita kitalu nyumba.

Kwa nini ndani? Chavua ikilowa mvua inaharibika. Ndani hakuna mvua. Tena kwao kuna majira ya baridi, theluji inaanguka na mimea inalala. Ndani wanawasha joto, na mche unaendelea kukua. Mche ulioko nje huchukua miaka miwili au mitatu kabla ya kutoa ua la kwanza. Ndani ya kitalu kilichotunzwa vizuri unaweza kuchanua baada ya mwaka mmoja. Mtu mwenye umri wa miaka 70 anajua maana ya kuokoa miaka miwili.

Kazi yenyewe huanza asubuhi. Ukilitazama ua utaona vijiti sita vyenye vumbi la njano. Hivyo ni vya kiume, na vumbi hilo ndilo chavua. Katikati kuna kijiti kimoja kirefu kuliko vyote. Hicho ni cha kike. Mfanyakazi anachuma kijiti kimoja cha kiume kutoka kwa ua la baba. Anakipaka kwenye ncha ya kijiti cha kike cha ua la mama. Basi. Mtoto wa shule anaweza kuifanya.

Ugumu uko kwenye kumbukumbu. Papo hapo anafunga kijikaratasi kwenye kikonyo na kuandika jina la mama kwanza, kisha la baba. Asipoandika, jioni hatakumbuka. Ikiwa baba anachanua mapema kuliko mama, chavua huwekwa kwenye jokofu ikamngojea. Baada ya siku chache ua lililonyauka huanguka, na kama mambo ni mema, tunda dogo la kijani huonekana. Joto likizidi sana ndani ya kitalu, matunda hayo hupukutika. Kwa hiyo madirisha na feni ni lazima. Baada ya wiki sita hadi nane tunda hukauka na kupasuka. Ndani yake mna mbegu nyeusi zinazong'aa.

Mbegu hizo hazifanani na mama. Hazifanani na baba pia. Hata zilizotoka katika tunda moja hazifanani zenyewe kwa zenyewe. Ni kama watoto wa nyumba moja. Ndiyo maana mfugaji wa maua hupanda mamia ya miche, na ikichanua huchagua michache. Iliyobaki huenda kwenye shimo la mboji. Mche uliochaguliwa hauzidishwi kwa mbegu tena. Unagawanywa shina kwa shina, kama unavyogawa migomba, ili ubaki vile vile.

Wako pia wanaotumia dawa iitwayo kolkisini kuongeza kromosomu kutoka 22 hadi 44. Maua huwa manene na makubwa zaidi. Lakini dawa hiyo ni sumu kali, na ua la 44 kwa kawaida halizai na ua la 22. Hatuielezi zaidi.

KUTU YA KWELI

Mwaka 2000 ugonjwa wa kutu ulionekana kwenye maua haya huko Marekani. Ni ukungu unaotoa unga wa rangi ya machungwa kwenye majani. Unasafirishwa na upepo na pia na mimea inayouzwa. Baridi kali huua majani na kutu pamoja nayo. Lakini ndani ya kitalu chenye joto majani hayafi, na kutu inaishi mwaka mzima. Nyumba ile ile iliyoharakisha maua ikawa kimbilio la ugonjwa.

Kwa maoni yangu hapo walikosea. Kwa miaka mingi walichagua kwa macho tu, yaani rangi, ukubwa, na pindo lililosokotwa. Wachache walichunguza nguvu ya mmea. Baada ya kutu kuingia, baadhi yao walianza kuacha miche yao iambukizwe makusudi, ili waone upi unastahimili.

Tumrudie msomaji wa Muleba. Aina mpya ya mgomba hupatikana kwa njia ya Stout. Huko Kawanda, Uganda, wataalamu hupanda ngazi asubuhi na kuchavusha maua ya matoke kwa mkono. Baba mmoja waliyemtumia sana ni mgomba-mwitu uitwao Calcutta 4. Una kromosomu 22, una mbegu tele, na unastahimili sigatoka nyeusi, ugonjwa unaokausha majani. Mkungu mzima unaweza kutoa mbegu chache tu, au usitoe kabisa. Hata hizo hazioti vizuri udongoni. Hutolewa kiini na kuoteshwa ndani ya chupa, maabara. Kisha huja miaka ya kupanda, kupima na kuonja. Mwaka 2010 Uganda iliwapa wakulima Kabana 6, ambayo huitwa pia Kiwangaazi. Kwetu, aina zilizoitwa TARIBAN zimetokana na kazi hiyo. Msomaji anaweza kuuliza habari zake katika kituo cha utafiti cha Maruku, karibu na Bukoba.

Mwezi ujao tutaeleza namna ya kuondoa ua dume la mgomba kwa kijiti chenye panda, bila kutumia kisu, ili kuzuia mnyauko.